Ukurasa wa mwongozo wa tcpdump haulingani na ninachokiona: nirekebishe wapi?

*"Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni fundi mtandao katika chuo, na nawafundisha vijana wa mafunzo kwa vitendo kutumia tcpdump, programu ya kunasa na kuonyesha pakiti za mtandao. Nimekuta mambo matatu kwenye mwongozo wake yasiyolingana na mashine zetu. Kwanza, nakala niliyochapisha kwa ajili ya darasa inasema nukta kwenye bendera za TCP maana yake hakuna bendera, lakini mimi naona `[S.]` na `[.]` kwenye pakiti zenye ACK (bendera ya kuthibitisha kupokea). Pili, mfano wa rlogin (programu ya zamani ya kuingia kwenye mashine ya mbali) umeandikwa `opts [mss 1024]`, wakati programu huandika `options`. Kijana mmoja aliandika skripti kwa kufuata mfano huo ikawa haipati kitu. Tatu, mwongozo unasema `-w` huandika pakiti kwenye faili, ila nikitumia sudo naambiwa `Permission denied`. Je, nifungue faili lililo `/usr/share/man` nirekebishe mwenyewe, au niwaandikie wenye programu? Kiingereza changu ni cha kubabaisha, na sitaki kuonekana mjuaji mbele ya watu walioijenga."*

Nzuri, ndugu yangu, na pole na hilo darasa. Mwalimu akishasimama mbele ya vijana na karatasi inayopingana na skrini, wanaanza kuitilia shaka karatasi yote, na pengine na mwalimu mwenyewe. Ndiyo maana swali lako si dogo. Wengi wetu tumejifunza mtandao kwa mwongozo huo huo, bila kozi na bila mtu wa kuuliza.

Umeyaleta mambo matatu kama ya aina moja, lakini sivyo yalivyo. La kwanza si kosa la mwongozo. Unasoma nakala ya zamani. La pili ni kosa la kweli, dogo, na ndilo hasa unalopaswa kulipeleka. La tatu ni tabia ya mfumo unaoutumia, ambayo mwongozo unaieleza lakini mahali ambapo mtu mwenye shida yako hawezi kufikiria kupatazama. Kila moja lina mlango wake, na ukiyapeleka yote kwenye mlango mmoja utajibiwa mawili "hapa sipo", kisha ukate tamaa kabla ya lile la haki.

Tuanze na nukta. tcpdump ilianza mwaka 1988 katika maabara ya Lawrence Berkeley, Marekani, mikononi mwa Van Jacobson, Sally Floyd, Vern Paxson na Steven McCanne. Matoleo ya zamani, hadi mfululizo wa 3, yaliandika pakiti ya TCP kwa namna nyingine kabisa. Bendera zilitajwa kwa herufi tupu bila mabano, na ACK haikuhesabiwa miongoni mwake kwa sababu ilikuwa na nafasi yake mbele zaidi, kama `ack 1`. Pakiti ambayo haina SYN, FIN, PUSH wala RST (bendera za kufungua muunganisho, kuufunga, kusukuma data na kukata) iliwekewa nukta ili safu isibaki wazi. Kwa hiyo mstari `. ack 1 win 4096` ulikuwa na maana "hakuna bendera ya kutajwa hapa, ila kuna ACK, itazame mbele". Kwa programu ya wakati huo mwongozo ulikuwa sahihi.

Mfululizo wa 4 ulipokuja, umbo likabadilika kuwa `Flags [S.], seq ..., ack ..., win ...`, na nukta ikapewa kazi mpya: ndiyo ACK yenyewe. Pakiti isiyo na bendera yoyote sasa huandikwa `none`. Mwongozo nao ulibadilishwa, na ukifungua ulio ndani ya mashine yako leo utakuta unasema hivyo. Kilichokupotosha ni karatasi yako. Nakala za mwongozo wa zamani zimesambaa kila mahali, na nyingi hazionyeshi namba ya toleo mahali pa wazi. Vivyo hivyo ukikuta somo linalosema tcpdump hukata pakiti baada ya baiti 68 usipoweka `-s`, ujue ni la enzi hizo. Siku hizi kipimo cha kawaida ni baiti 262144.

Kwa hiyo kabla ya kusema mwongozo umekosea, jua unalinganisha nini na nini. Amri `tcpdump --version` itakupa toleo la programu pamoja na la libpcap, maktaba inayofanya kazi yenyewe ya kunasa. Amri `man -w tcpdump` itakuonyesha faili la mwongozo linalofunguliwa kwenye mashine hiyo. Yawekeni haya mawili kwenye ukurasa wa kwanza wa maelezo ya darasa, na karatasi ya zamani iondoke.

Sasa mfano wa rlogin, ambao naupenda kwa sababu umetazama mahali ambapo watu hupita bila kusoma. Mfano huo unaonyesha mashine iitwayo rtsg ikifungua muunganisho kwenda csam, na umekuwemo tangu enzi za umbo la zamani, wakati chaguo za TCP ziliandikwa ndani ya alama `<` na `>`. Umbo lilipobadilika, mistari ile ile yenye majina yale yale na namba zile zile ilivalishwa umbo jipya. Kwa kila dalili kazi hiyo ilifanywa kwa mkono: mtu aliandika upya mistari ya zamani jinsi alivyoona ingetokea, badala ya kunasa muunganisho mpya na kubandika matokeo. Hapo ndipo `opts` hupata mwanya wa kuingia. Mifano ya miongozo mingi huharibika hivi, maana maelezo hupitiwa tena na tena na wakaguzi, lakini mfano huaminiwa kwa sababu una sura ya kitu kilichotoka kwenye mashine.

Usiwaombe wenye programu wakuamini kwa maneno. Ushahidi uko ndani ya msimbo wao. Faili `print-tcp.c` ndilo linaloandika mistari ya TCP, na humo utakuta neno `options` likichapishwa, pamoja na jedwali linaloipa ACK alama ya nukta. Halafu kuna folda `tests`, yenye pakiti zilizonaswa na, kando yake, mafaili yenye mwisho wa `.out` yanayoonyesha matokeo yanayotarajiwa. Kila `make check` inapoendeshwa, programu hulinganishwa na mafaili hayo. Tafuta `options [mss` ndani ya folda hiyo uone mwenyewe. Mwongozo ukipingana na mafaili hayo, hakuna ubishi tena juu ya upi umekosea.

Kuna jambo la kupima hapa. Unaweza kupendekeza neno moja tu libadilishwe, au mfano wote uondolewe na kuwekwa mwingine ulionaswa leo. Mfano mpya ungekuwa wa kweli zaidi, kwani rlogin haitumiki tena na muunganisho wa siku hizi hubeba chaguo nyingi: `sackOK`, `TS val`, `wscale` na nyinginezo. Lakini aya zinazofuata zinaeleza namba za mfano ule moja baada ya nyingine, na ukiuondoa lazima uandike upya maelezo yote. Kwa mara ya kwanza nakushauri neno moja. Badiliko la neno moja msimamizi hulisoma akasimama pale pale akaamua. Mfano mpya unaweza kuupendekeza baadaye kama hoja ya peke yake, na ukiufanya usiunase kwenye `lo`, kiolesura cha mashine kuongea na yenyewe, maana hapo `mss` (kipimo cha juu cha data katika pakiti moja) husomeka 65495 na kijana atadhani ndivyo ilivyo kwenye kila mtandao. Tumia mashine mbili.

La tatu, `Permission denied`, ndilo linalowatesa watu wengi zaidi. Wewe ni root, mtumiaji mwenye mamlaka yote, faili ni lako, folda ni lako, na bado unakataliwa. Mwongozo unaeleza chini ya `-Z`: tcpdump ikiendeshwa na root, hufungua kwanza kiolesura cha mtandao, kisha hujibadilisha na kuwa mtumiaji mwingine asiye na mamlaka, na baada ya hapo ndipo hufungua faili la kuandikia. Mifumo kama Debian na Ubuntu hujenga programu ikiwa na tabia hiyo tayari, na mtumiaji huyo huitwa `tcpdump`. Kwa hiyo anayegonga mlango wa folda yako si root tena.

Sababu yake ni nzito. Programu hii husoma pakiti kutoka kwa watu usiowajua, imeandikwa kwa lugha ya C, na ina vipengele vingi sana vya kufasiri itifaki. Toleo la 4.9.2 la mwaka 2017 lilirekebisha makumi ya matundu ya usalama, mengi yakiwa kwenye vipengele hivyo. Ikiwa pakiti moja iliyotengenezwa kwa hila inaweza kuivuruga, ni bora imkute mtumiaji mnyonge kuliko root. Njia rahisi ni kuandika faili ndani ya `/tmp`, au kwenye folda uliyompa mtumiaji `tcpdump`. `-Z root` hufungua mlango, ila unairudisha hatari ile, kwa hiyo usiwazoeshe vijana. Na kama hata baada ya `-Z root` bado unakataliwa kwenye Ubuntu, tazama kumbukumbu za kerneli kwa `journalctl -k`: AppArmor, ulinzi wa mfumo unaozuia programu kugusa mafaili isiyoruhusiwa, ina kanuni zake kwa tcpdump, na mara nyingi kuliita faili jina linaloishia na `.pcap` humaliza tatizo.

Je, hilo ni kosa la mwongozo? Habari imo, lakini aliyekwama kwenye `-w` husoma aya ya `-w`, hafiki `-Z`. Sentensi moja ya kumwelekeza ingeokoa saa za watu. Fungua kwanza mwongozo ulio kwenye tawi kuu la msimbo wa tcpdump uone kama aya ya `-w` ina kiungo hicho. Kama haina, lipeleke kama pendekezo, usiliite kosa. Lakini kama aya inayokupotosha imeongezwa na watu wa Debian au Ubuntu wenyewe, basi wao ndio wa kuambiwa. Utajua kwa kuchukua msimbo wao kwa `apt source tcpdump` na kutazama folda `debian/patches`. Kilichomo humo hakikuandikwa na kundi la tcpdump.

Kabla sijafika kwenye kurekebisha kwenyewe, nikutahadharishe na yale yanayofanana na makosa ilhali si makosa, maana vijana wako watakuletea. Ukitumia `-v` utaona pakiti zinazotoka kwenye mashine yako zikiandikiwa kwamba hesabu ya uhakiki ya TCP ni batili. Si batili. Kerneli imeiachia kadi ya mtandao kazi ya kuikokotoa, na tcpdump huiona pakiti kabla haijafika kwenye kadi. Mwongozo unalieleza hilo chini ya `-K`. Hesabu ya pakiti "zilizopokewa na kichujio" inayotokea mwishoni nayo hutofautiana mfumo na mfumo, na mwongozo unakiri waziwazi. Na kichujio cha `tcp[13]` (baiti yenye bendera za TCP) au mfano wake hakikamati pakiti za IPv6. Ukurasa wa `pcap-filter` unasema hivyo bila kuficha. Ukurasa huo, kumbuka, ni wa libpcap na uko kwenye msimbo wa libpcap. Kosa la lugha ya vichujio huko ndiko linakorekebishwa. Hata neno `vlan`, ambalo hubadilisha mahali pa kusoma kwa maneno yote yanayolifuata ndani ya kichujio, limeandikwa humo; wengi hulaumu mwongozo kwa sababu hawakufika aya hiyo.

Sasa, usifungue `/usr/share/man`. Faili lililo humo ni zao la mwisho, limebanwa, na sasisho lijalo litalifuta bila kukuuliza. Tena mashine moja itakuwa na mwongozo mmoja na jirani yake mwingine, na hilo darasani ni balaa. Chanzo chenyewe ni `tcpdump.1.in`, ndani ya msimbo wa kundi la tcpdump ulioko GitHub. Ile `.in` mwishoni inakwambia kwamba faili hupitishwa kwenye `./configure` kabla ya kuwa mwongozo. Humo utakuta alama kama `@MAN_MISC_INFO@`, ambazo hujazwa kulingana na mfumo, kwa sababu namba za sehemu za mwongozo hazifanani kwenye Unix zote. Ukirekebisha `tcpdump.1` iliyozaliwa badala ya chanzo, kazi yako itapotea kwenye ujenzi unaofuata.

Lugha ya faili hilo ni troff, ya tangu enzi za mwanzo za Unix, na haina ugumu wa kukutisha. Mstari unaoanza na nukta ni agizo: `.B` hukoza maandishi, `.TP` huanza kipengele chenye maelezo chini yake, `.nf` na `.fi` hufunga mfano usipangwe upya. Alama ya kutoa kwenye chaguo huandikwa `\-`, ili msomaji akinakili amri apate alama halisi. Tafuta kwa `grep -n 'opts \[' tcpdump.1.in` uone mahali pote neno lilipo, usirekebishe moja ukaacha ndugu zake. Tazama `git log -p tcpdump.1.in` ujue kama kuna aliyetangulia. Kisha endesha `./configure` (utahitaji `libpcap-dev`) na usome matokeo kwa `man -l tcpdump.1`. Soma kwa macho, kwani nafasi moja iliyokosewa inaweza kuvuruga aya nzima.

Kuhusu Kiingereza, sikiliza. Wasimamizi wa programu hii hawasomi insha. Wanataka toleo gani, amri gani uliendesha, mwongozo unasema nini, programu imetoa nini, na badiliko unalopendekeza. Vinne kati ya hivyo ni vya kunakili na kubandika. Kichwa kama `man: Fix "opts" to "options" in the TCP example` kinatosha kabisa, na chini yake mistari miwili. Usiombe radhi kwa lugha yako, wala usieleze wewe ni nani. Mwishoni mwa mwongozo wenyewe, sehemu ya BUGS inakuelekeza kwenye faili `CONTRIBUTING.md`, lisome kabla ya kutuma. Na mjuaji ni yule anayesema "mmekosea" bila kuonyesha kitu. Wewe una matokeo ya mashine mkononi.

Kuna mahali ambapo maandishi yangu hayatoshi. Kwanza ni ushahidi wenyewe. Usiambatishe kamwe pakiti ulizonasa kwenye mtandao wa chuo. Humo mna majina ya tovuti watu wanazofungua, anwani za kadi zao, na pengine nywila zilizopita bila kufichwa. Tengeneza jaribio kati ya mashine mbili zako, na ukihitaji anwani za mfano tumia zilizotengwa kwa ajili ya maandishi, kama `192.0.2.1`. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 na ile ya Kenya ya mwaka 2018 zote zinafanya kunasa mawasiliano ya watu bila ruhusa kuwa kosa la jinai. Kama huna idhini ya maandishi ya kunasa kwenye mtandao wa chuo hata kwa mafunzo, nenda kwa mkuu wako wa TEHAMA uipate kabla ya kipindi kijacho. Na kama chuo hakina utaratibu wa jambo hilo, mwombe mwanasheria wa chuo akae nanyi auandike.

Pili, ikiwa kinachotokea si tofauti ya maneno bali programu inaanguka inaposoma pakiti fulani, hilo si suala la mwongozo tena. Linaweza kuwa tundu la usalama. Usilitangaze hadharani, fuata njia ya faragha inayotajwa kwenye sehemu ile ile ya BUGS. Na ikiwa hupati kabisa pakiti unazozitarajia, tafuta fundi aliye na mamlaka ya swichi akae karibu nawe, kwa sababu swichi haikupi trafiki ya wengine mpaka apange mlango wa kuakisi, yaani unaonakili trafiki hiyo, na hakuna chaguo la tcpdump litakalolibadilisha hilo. Warsha za AfNOG, kundi la waendeshaji wa mitandao Afrika, nazo zimekuwa zikiwakutanisha mafundi wa mitandao wa Afrika kwa miaka mingi, na kazi ya namna hii huenda haraka ukikaa meza moja na aliyewahi kuifanya.

Ukishatuma, usishangae kukaa kimya kwa muda. Ni watu wachache wenye kazi nyingine. Wakikuomba ubadilishe kitu, rekebisha kwenye tawi lile lile ulilotuma, usifungue ombi jipya, maana mazungumzo yatakatika. Wakikataa, wataeleza kwa nini, na maelezo hayo yapeleke darasani pamoja na mistari ya `print-tcp.c`. Vijana waone jinsi swali lilivyotoka kwenye meza yao hadi kwa wanaoitunza programu, na jibu lililorudi.